Aliyetaja Maotea

1

Mpapai wa kwanza kuanguka ulikuwa wa mwalimu mkuu. Ulianguka mchana kweupe, watu wanakula, puu! nyuma ya jiko, shina limelegea kama mkate uliolowa chai. Wa pili ukawa wa Baba Kizito, fundi baiskeli. Kufika saa kumi jioni ya Jumatano hiyo, Lihangwezi nzima haikuwa na mpapai uliosimama, na watu wakawa wanapita nyumba hadi nyumba kuulizana.

"Na wako?"

"Na wangu."

"Jamani!"

Osmunda Ngonyani alicheka. Tusimfiche, alicheka kabisa, amesimama barazani kwa Baba Kizito na bagia ya soya mdomoni. "Baba Kizito, mpapai wako ulikuwa umezeeka. Uache upumzike."

"Umezeeka? Huu nimekula matunda yake mara mbili tu!"

"Basi ulikuwa mvivu."

Watu wakacheka, kwa sababu Osmunda alikuwa anapendwa. Ana miaka ishirini na sita, ametoka chuo na cheti ambacho bonde zima halijawahi kuwa nacho, na kwa miezi miwili tu alikuwa anaongea kama mzaliwa wa pale, anakata maneno wanavyoyakata wao, anasalimia wanavyosalimia wao. Ushirika wa soya ulikuwa umemwomba wilayani kwa barua tatu. Alikuwa mtaja wao.

Sasa, kutaja. Enzi za bibi zake mtu alibeba bomba mgongoni, akapulizia dawa ile ile moja, mwaka baada ya mwaka, mpaka magugu yakaizoea, yakawa yanainywa kama togwa. Ndago ndiyo iliyowashinda wote. Unaipulizia, inakauka juu, kumbe huko chini vinundu vyake vimekaa vinakusubiri umalize. Ndipo ukaja unga. Unga unamwagwa mara moja tu, mvua za kwanza, bonde lote, mashamba na viwanja, maana magugu hayajui mpaka wa mtu. Unaingia kwenye udongo, unapanda na maji kwenye mizizi, unakaa ndani ya kila mmea. Hauui. Mbuzi anakula, mtoto anakula, hakuna kitu. Umelala, unasubiri jina.

Na jina linatajwa kwenye Sikio, chuma chembamba chenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, kilichosimikwa katikati ya mashamba ya ushirika. Ukisema "ndago", unga ulioko ndani ya kila ndago bondeni unaamka, siku ya tatu ndago yote iko chini. Usichokitaja hakiguswi. Lakini mashine hairuhusiwi kujitajia yenyewe. Sheria ilitaka mdomo wa mtu, mtu aliyekula kiapo, tena aseme kwa lugha ya mahali pale. Mwisho wa sheria kulikuwa na mstari mmoja ambao kina Osmunda waliuimba chuoni kama watoto wanavyoimba mara mbili mara tatu: aliyetaja ndiye hutangua.

Jumatatu Osmunda alikuwa ametaja majina matano. Aliyataja haraka, kwa mbwembwe, wanawake wanamtazama.

Alhamisi asubuhi alipita tena kwa Baba Kizito, kumpa pole ya kweli sasa.

"Huu ulipanda mwaka gani?" akauliza, kwa kuzungumza tu.

"Nani anapanda mpapai, binti? Unakula, unatema, ukiamka una bustani."

Osmunda akasimama. Akaangalia jalalani: maboga yaliyojiotea pale kwenye majivu yalikuwa yamesinyaa, majani yamejikunja kama ngumi. Akaangalia kwenye mfereji wa bafuni: vinyanya vidogo vile ambavyo hakuna mtu duniani aliyewahi kuvipanda, vimekufa. Mnavu pembeni ya jiko, umekufa. Mgagani, umekufa. Na hatua mbili tu kutoka hapo mihogo ya Mama Kizito, iliyopandwa kwa jembe na jasho, imesimama kijani, inang'aa, haina habari.

Alitembea mpaka mashambani. Katikati ya njia akaanza kukimbia.

"Sikio. Nisomee majina ya Jumatatu."

"Ndago," likasema Sikio, kwa ile sauti yake ya mama mtulivu. "Sangari. Mbigili. Kishonanguo. Maotea."

"Mahindi maotea."

"Maotea."

"Nilimaanisha mahindi!"

"Ulitaja maotea. Maotea ni mmea wowote wa kuliwa ulioota bila kupandwa na mkono wa mtu. Nimekagua kila shina. Lililofukiwa na mtu nimeliacha. Lililojiotea nimelichukua."

Jua lilikuwa halijakolea, lakini Osmunda alihisi moto unapanda kutoka shingoni hadi kwenye masikio. Msimu uliopita mashamba yale yalilimwa mahindi, punje zikadondoka, na sasa zilikuwa zimeota fujo katikati ya soya. Na Lihangwezi, wakati wa soya, hakuna mtu anayesema "mahindi maotea". Watasema yote hayo ya nini? Wanasema "maotea" na kila mtu anajua. Chuoni angesema jina lote, angelisema polepole, angerudia mara mbili. Pale aliona raha kuongea kama mwenyeji. Neno moja alilibania, ili asionekane mgeni.

"Nikitangua?" akauliza, sauti imeshuka.

"Ukitangua, yote matano yanatanguka. Unga utalala hadi mvua za mwakani."

Akaitazama soya. Ilikuwa na wiki tatu, mistari imenyooka, chini peupe, hakuna hata jani moja lisilotakiwa. Soya ni kama mtoto mchanga: wiki sita za kwanza usipoilinda imekwisha, ila majani yakishakutana juu ya mistari inajifunika yenyewe na kuyanyima magugu mwanga. Zilibaki wiki tatu. Akitangua leo, vinundu vya ndago vilivyobaki chini vitaamka kwa kishindo, na bonde lote litarudi kwenye jembe la mkono.

Na asipotangua, kila kitakachojiotea kati ya leo na mwakani kitakufa. Kila mche wa mnavu. Kila mchicha wa jalalani.

"Kesho," akajiambia. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza, lakini alijibu.

2

Ijumaa akapata mgeni.

"Hodi humu."

"Karibu, mama. Pita ndani."

Alikuwa Mama Thekla, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mrefu, aliyezoea kuinama mlangoni hata pasipo na haja. Hakuwa na shamba. Mumewe alipofariki, ndugu walilirudisha la ukoo, na yeye na watoto wake wanne wakabaki na nyumba na ua. Lakini Lihangwezi kuna msemo kwamba maotea hayana mwenyewe. Kilichojiotea kwenye shamba lako, boga, mnavu, nyanya, hata hayo mahindi, ni cha asiye na shamba. Anachotakiwa ni kusimama ukingoni na kupaza sauti, "Naokota!" Mwenye shamba anajibu, "Okota!" Basi. Familia saba bondeni ziliishi hivyo, na ya Mama Thekla ilikuwa mojawapo.

Osmunda aliujua msemo huo. Alifundishwa wiki ya kwanza, na aliuandika kwenye daftari lake kwa kuupenda.

"Sikai sana, mwanangu," Mama Thekla akasema, akakaa. Akaanza kukunja na kukunjua pindo la khanga yake. "Nimekuja kwako kwa sababu umesoma, na hutanicheka."

"Siwezi kukucheka, mama."

"Mimi ndiye niliyeua mboga."

Osmunda akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Jumatatu niliingia shamba la mwenyekiti. Sikupiga ukelele. Mkewe, Mama Edgar, alikuwa amenitania kisimani, 'Thekla, wewe na mbuzi wetu, anayewahi shambani ni nani?' Wenzake wakacheka, unajua kile kicheko. Nikaona aibu kupaza sauti tena. Nikaingia kimya, kama mwizi, nikachuma mnavu kikapu kizima." Machozi yalikuwa yanashuka na yeye hayafuti. "Keshokutwa yake mnavu wote ukakauka. Halafu mipapai. Nimeenda pale bila idhini, na Mungu amefunga. Watoto wangu tangu juzi ni ugali na chumvi. Basi wangu, sawa, mama yao ndiye aliyekosa. Lakini na wa wenzangu? Wamekosa nini?"

Sasa hapo, mpenzi msomaji, sentensi ilikuwepo. Ilikuwa imekaa mdomoni mwa Osmunda, fupi, ina maneno matatu. Aliihisi kwenye ulimi.

"Unywe chai, mama?" akasema.

"Haya."

Akamimina chai. Akauliza sukari vijiko vingapi, akaambiwa viwili, akakoroga kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Mambo ya mimea yana sababu nyingi, mama," akasema.

Ni kweli. Mambo ya mimea yana sababu nyingi. Na hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye, kwamba hata uongo hakuwa na ujasiri wa kuusema. Alichagua ukweli usio na kazi, akamfunika nao yule mama.

"Kwa hiyo hakuna dawa?"

"Nitaangalia."

"Jumapili ni siku ya shamba, watu wote watakuwepo," Mama Thekla akasema, akisimama, chai amekunywa nusu kwa adabu. "Nitaomba msamaha mbele yao. Labda Mungu atafungua. Wewe unaonaje?"

"Kama moyo wako unakutuma, mama."

Hayo ndiyo maneno yake. Aliyasema mwenyewe, kwa mdomo wake wenye cheti.

3

Jumapili baada ya misa, watu wote walishuka mashambani, wamevaa vizuri, kuzunguka Sikio. Siku ya shamba ni siku ya kuonyeshana. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Desderi Haule, aliwapitisha kwenye mistari kama anayeonyesha nyumba mpya.

"Inama! Inama uangalie chini! Unaona ndago?"

"Hatuoni!"

"Unaona sangari?"

"Hatuoni!"

"Mwaka jana mwezi kama huu migongo yetu ilikuwa wapi?"

"Imepinda!"

Vigelegele. Mama Edgar akatoka mbele na doti ya kitenge kipya, akamfunga Osmunda kiunoni, akamzungusha ili wote waone. Watu wakapiga makofi. Osmunda alitabasamu. Uso wake ulijua kutabasamu wenyewe, yeye hakuusaidia. Mkono wa Mama Edgar ulikuwa bado begani mwake pale Mama Thekla alipojitokeza.

"Mwenyekiti, naomba niseme."

Akasema yote, kisima na kicheko na kikapu. Hakuficha hata kiasi cha mnavu aliouchuma. Alipotaja kisima Mama Edgar aliondoa mkono begani mwa Osmunda na kuanza kujipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Kumbe ni wewe uliyetumaliza!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Mipapai yote hii, Thekla!"

"Jamani, mpapai na kikapu cha mnavu wapi na wapi?" Baba Kizito akasema, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Mzee Haule akainua mkono. Hakuwa mtu mbaya. Ni mtu aliyeulizwa swali mbele ya watu na akataka kuonekana ana jibu. "Thekla, tumekusikia, tumekusamehe. Lakini desturi ni desturi. Msimu huu na ujao usikanyage mashamba ya ushirika kuokota. Wala wewe wala watoto wako."

Mama Thekla akapiga goti kidogo, kama mtu anayepokea kitu. "Asante, mwenyekiti."

Ni ile asante. Osmunda angeweza kuvumilia kelele, angeweza kuvumilia hata kilio, na kweli alikuwa amejiandaa kuvumilia. Asante ile ilimpita katikati ya mbavu. Akakuta amesogea mpaka kwenye Sikio na ameliwekea kiganja.

"Natangua," akasema.

Watu wakageuka mmoja mmoja.

"Mashahidi wapo?" Sikio likauliza.

"Wapo."

"Taja kosa."

"Kumetokea hitilafu."

"Sijasikia aliyekosea."

"Katika kutaja... jina moja lilikosewa."

"Sijasikia aliyekosea."

"Mipapai imekauka. Mboga zimeharibika, imetokea..."

"Hayo nimeyaona. Sijasikia aliyekosea."

Tumekulia lugha hii. Kikombe kimevunjika. Maziwa yamemwagika. Ufunguo umepotea. Nyumba nzima ya utoto wetu imejaa vitu vilivyojivunja, vikajimwaga, vikajipoteza, na sisi tumesimama pembeni tunavionea huruma. Waliotengeneza Sikio walikuwa watoto wa nyumba hizo hizo. Walijua mlango huo ulipo, na waliufunga.

"Binti!" Baba Kizito akaita, si kwa ukali. "Hicho chuma kinauliza nani."

"Mimi," Osmunda akasema.

Sauti ilitoka ndogo. Akairudia.

"Mimi nimekosea. Nilitaja maotea. Nilitakiwa kusema mahindi maotea, nikakata neno. Mipapai yenu nimeiua mimi. Mnavu, nyanya, maboga, vyote nimeviua mimi. Mama Thekla hajaua kitu."

"Nimesikia," likasema Sikio. "Nimeyatangua majina matano. Unga umelala."

Hapo angeweza kuishia. Sikio lilikuwa limeridhika, sheria imeridhika. Lakini Mama Thekla alikuwa anamtazama, na Osmunda akaongeza jambo ambalo hakuna mashine iliyomwuliza.

"Na nimejua tangu Alhamisi."

Upepo ukapita juu ya soya. Mzee Haule akakohoa. "Majina matano? Na ndago?"

"Na ndago, mwenyekiti."

"Yaani sisi sote hapa..."

"Jembe, mwenyekiti. Wiki tatu."

Makelele yaliyofuata siyaandiki, mengine hayaandikiki. Mama Edgar akaja, akafungua kitenge kutoka kiunoni mwa Osmunda, akakikunja vizuri mara nne, akaondoka nacho. Mzee Haule alikuwa anazungumza na watu watatu kwa wakati mmoja. Mama Thekla akapita katikati yao wote mpaka akasimama mbele ya Osmunda, karibu sana, kama wanavyosimama watu wanaotaka kusalimiana.

"Kukosea neno, mwanangu, kila mtu anakosea," akasema. "Hilo silisemi. Nauliza la Ijumaa. Nilipokuwa nalia pale kwako, ulikuwa unanisikia?"

Osmunda angeweza kusema alikuwa amechanganyikiwa. Angeweza kusema alikuwa anatafuta njia. Yote yalikuwa na ukweli kidogo ndani yake.

"Nilikuwa nakusikia, mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Mama Thekla akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetumaini kuambiwa vingine. Halafu akageuka, akawaita watoto wake, wakaondoka.

4

Jumatatu, kabla jua halijachomoza vizuri, bonde zima lilikuwa shambani na majembe. Barua kutoka wilayani ilikuwa njiani kuja kumvua Osmunda kazi, kila mtu alijua, lakini barua haipalilii. Alikwenda kwa Mzee Haule kuuliza aanzie wapi.

"Anza popote," mzee akasema, bila kumwangalia. "Kuna kazi kila mahali."

Akaazima jembe kwa Baba Kizito, akachagua mstari. Ndago ilikuwa imeshaanza kuchomoza, vijani vyembamba vinavyong'aa, vikali kama sindano, na kila alipong'oa kimoja kilikatika juu na kumwachia kinundu chini. Akajifunza kuchimba kwa ncha ya jembe, kuingiza vidole, kufuata mzizi. Kufika saa tatu viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, na mawili yalikuwa yamepasuka.

Wanawake walikuwa mistari ya jirani, lakini hawakuwa karibu. Hawakupanga, hakuna aliyesema tufanye hivi, ila kila upande wa Osmunda palibaki mistari miwili isiyo na mtu. Ng'ambo ya mistari hiyo walikuwa wanapiga soga. Mama Edgar alikuwa anaiga sauti ya Sikio, "Sijasikia aliyekosea! Sijasikia aliyekosea!" na mwenzake anamjibu, "Kumetokea hitilafu, mume wangu, ugali umeungua!" Palipalilika vizuri kwa kicheko hicho. Majembe yalikwenda kwa mwendo mmoja.

Osmunda akainua kichwa kufuta jasho. Kicheko kikakatika, chap, na macho yote yakarudi kwenye udongo.

Akainama. Baada ya muda kikaanza tena.

Akainua kichwa. Kikakatika.

Mchana ulipofika mgongo ulikuwa unawaka moto, na jasho limemwingia machoni mpaka haoni vizuri ndago ni ipi na soya ni ipi. Hakuinua kichwa tena. Alipalilia hivyo hivyo, uso ukiwa umekaribia kugusa udongo, ili wacheke.